Kupima kwa Umeme Rangi Iliyonaswa na Sukari

Methili oranji, rangi inayotumika katika maabara za shule kutambua asidi, hufyonza mwanga kwa nguvu sana. Ikiyeyushwa kwa kiwango cha milimola 1 tu kwa lita, mwanga wa buluu haupenyi kichupa cha sentimita 1, na kipimamwanga hukosa cha kusoma. Umeme hauna tatizo hilo. Kwa hiyo mkemia anayetaka kujua rangi hii inanaswa kiasi gani na saiklodekstrini anaweza kutumia kipima upitishaji.

Saiklodekstrini ni sukari zitokanazo na wanga, zilizoripotiwa na Mfaransa Villiers mwaka 1891. Ile ya beta ina glukosi 7 zilizoungana kwa duara. Nje yake hupatana na maji. Tundu lake, lenye upana wa nanomita 0.6 hivi, hukwepa maji na kukaribisha pete za kaboni za rangi.

Sukari hiyo haina chaji, hivyo haibebi umeme. Methili oranji ni chumvi: majini hugawanyika kuwa ioni ya sodiamu na ioni ya rangi. Ioni ya rangi ikiingia tunduni, hulazimika kusafiri na sukari yenye uzito zaidi ya mara 3 ya uzito wake. Mwendo wake hupungua, na upitishaji hushuka.

Upimaji huanza na miyeyusho miwili, yote ikiwa na rangi milimola 1 kwa lita, ila wa pili una pia sukari milimola 10. Wa pili huongezwa kidogo kidogo ndani ya wa kwanza. Kwa njia hii sukari huongezeka huku rangi ikibaki kiwango kilekile.

Tuchukulie kiwango thabiti cha kufungamana ni lita 3,000 kwa mola. Sukari ikilingana na rangi, takriban asilimia 57 ya rangi itakuwa imenaswa. Sukari ikifika milimola 5, asilimia 92. Mchoro wa upitishaji utashuka kwa kasi, kisha utalala. Umbo la mpindo huo ndilo linalotoa kiwango thabiti.

Ugumu uko katika udogo wa badiliko. Kwa nyuzi 25, sodiamu peke yake huchangia maikrosimensi 50 hivi kwa sentimita, na mchango huo haubadiliki rangi inaponaswa. Joto likipanda nyuzi 1, usomaji wote hupanda kwa karibu asilimia 2. Ioni ya hidrojeni nayo hupitisha umeme mara 7 ya sodiamu, hivyo kaboni dioksidi iliyoyeyuka majini yaweza kuharibu hesabu. Chombo kikae katika maji ya joto lisilobadilika, na maji yachemshwe kwanza kufukuza gesi.

Tena, sukari huongeza mnato, na mnato hupunguza mwendo wa kila ioni, hata isiyonaswa. Ndiyo maana jaribio hurudiwa kwa chumvi ya mezani mahali pa rangi. Mshuko unaoonekana hapo hauna uhusiano na kunaswa, na lazima uondolewe kwenye hesabu. Mstari unaoshuka bila kupinda hauthibitishi kwamba rangi imeingia tunduni.

Mbinu hii ni nzuri na gharama yake ni ndogo, lakini haisemi ncha ipi ya rangi imetangulia kuingia. Kwa sukari ya gama, yenye glukosi 8, tundu laweza kupokea rangi mbili, na hesabu ya rangi moja kwa sukari moja haitoshi. Kwa beta, mtafiti aonyeshe mchoro wa chumvi kando ya ule wa rangi. Bila huo, msomaji hana njia ya kupima ukweli wa tarakimu aliyopewa.