Salamu Si Maganda: Barua za Helene Hanff na Frank Doel

Mwalimu yeyote aliyesahihisha barua za kirafiki za wanafunzi wake anaijua ile sentensi isiyokosekana: mimi ni mzima, hofu ni juu yako wewe uliye mbali nami. Sentensi hupewa alama zake, wala hakuna anayeuliza kama mwandishi ana hofu yoyote. Je, desturi za barua ni maganda matupu? Swali hilo ndilo lililoturejesha kwenye kitabu cha Helene Hanff, 84, Charing Cross Road, kilichotoka mwaka 1970.

Kitabu hiki si riwaya. Ni mkusanyo wa barua halisi zilizoanza Oktoba 1949, miaka minne baada ya Vita Kuu ya Pili. Hanff, mwandishi wa New York asiye na fedha nyingi, aliliandikia duka la vitabu vikuukuu la Marks & Co. mjini London, akitafuta vitabu vya bei nafuu. Aliyemjibu ni Frank Doel, mtumishi wa duka hilo. Waliandikiana kwa karibu miaka 20, wala hawakuonana hata siku moja.

Uingereza ilikuwa imeshinda vita, lakini chakula kilikuwa bado kikigawiwa kwa kipimo, na hali hiyo haikwisha kabisa mpaka 1954. Hanff alipopata habari hizo kwa Mwingereza mmoja, mchumba wa jirani yake, aliagiza kifurushi cha chakula kipelekwe dukani. Mara akashikwa na wasiwasi: mlikuwa na nyama ya nguruwe ndani yake, na huenda wenye duka ni Wayahudi! Barua aliyoiandika kwa haraka kuuliza jambo hilo yafundisha adabu ya kutoa kuliko hotuba ndefu. Tangu hapo mayai na nyama vikawa lugha ya urafiki. Watumishi wengine wa duka nao wakaanza kumwandikia, mmoja wao kwa siri ili Doel asijue. Zikaingia habari za mke na watoto, na bibi kizee, jirani wa akina Doel, akatarizi kitambaa cha meza kilichopelekwa New York kuwa shukrani.

Wako wasomaji wanaomwona Doel kuwa mtu baridi. Hanff hutania, hupiga kelele, humkaripia kwa kuchelewesha kitabu. Doel hujibu kwa utaratibu wa ofisi. Alianza kwa kumwita Bibi, kisha Bi Hanff, na hakumwita Helene mpaka mwaka 1952. Hapo alieleza kwamba nakala za barua zake zilihifadhiwa katika majalada ya duka, ndiyo maana alishika urasmi. Kwa maoni yetu, badiliko hilo la neno moja lina uzito kuliko kurasa za mapenzi, kwa sababu lilichukua zaidi ya miaka miwili kufika. Asiye na desturi hana cha kuivunja.

Hata hivyo, kitabu chenyewe chaonyesha upande wa pili. Januari 1969 iliandikwa barua na katibu wa duka. Yaeleza kwamba Doel alifariki Desemba 1968, kisha yauliza kama Hanff bado anavihitaji vitabu vya Jane Austen alivyoagiza. Haina kosa la adabu, lakini hamna mtu ndani yake. Baadaye mjane wa marehemu anaandika, akikiri kwamba mara nyingine aliona wivu, kwa jinsi mumewe alivyozifurahia barua zile. Ungamo hilo lingeweza kutoka kwa mtu mmoja tu, na lingeweza kupelekwa kwa mtu mmoja tu.

Dosari ya kitabu ni mapengo. Barua za miaka ya 1960 ni chache, na urafiki unaonekana kuruka miaka. Hanff mwenyewe hakufika London mpaka 1971, duka likiwa limekwisha kufungwa.

Sisi tunaofundisha Kiswahili kwa watoto ambao nyumbani husema lugha nyingine tuna hatari yetu: kuwapa kanuni na kuwanyima sababu yake. Anwani, tarehe na salamu yafaa zifundishwe kikamilifu, lakini zifundishwe pamoja na barua zilizopata kuandikwa kweli. Katika Kiswahili tunazo barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za kuanzia 1931 hadi 1958, zilizohaririwa na Mulokozi. Mwalimu azisome darasani, kisha kila mwanafunzi achague jamaa mmoja aliye mbali, amwandikie, apeleke barua na kungoja jibu. Atakayengoja majuma matatu bila kujibiwa atajua maana ya hofu ni juu yako.