Chaguo la Kwanza si Jibu la Pekee: Uhakiki wa Peggy na Nearley katika Uchanganuzi wa Kitenzi cha Kiswahili

Sehemu hii inahakiki maktaba mbili za uchanganuzi zitumikazo katika JavaScript, yaani Peggy na Nearley, kwa kigezo kimoja: namna kila moja inavyoushughulikia utata wa kitenzi cha Kiswahili. Tumchukue mtafiti anayewasaili wakulima wa Lusewa, mkoani Ruvuma, kuhusu matumizi ya ardhi. Msailiwa anasema: "Shamba lile walilima." Kitenzi hicho kina tafsiri tatu halali: wao walilima zamani (wa-li-lima), wao wanalilima sasa (wa-a-li-lima), au wewe unalilima sasa (u-a-li-lima). Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni nani anayetajwa kuwa mtumiaji wa shamba, na tangu lini.

Peggy hufuata sarufi ya machaguo yenye mpangilio, ambayo Bryan Ford aliieleza mwaka 2004. Kanuni ya kwanza ikifaulu, zinazofuata hazijaribiwi tena mahali hapo. Mwandishi wa sarufi akitanguliza wakati uliopita, "walilima" itakuwa ya wakati uliopita daima, wala programu haitatoa onyo lolote. Kwa lugha za kompyuta, ambazo hubuniwa ziepuke utata, tabia hiyo ni fadhila. Kwa kitenzi cha Kiswahili ni kasoro, kwa kuwa uamuzi wa mwandishi wa sarufi hujificha ndani ya data na kuonekana kama kauli ya msailiwa.

Nearley hutumia algorithimu ya Jay Earley iliyochapishwa mwaka 1970, na huzirudisha tafsiri zote katika orodha iitwayo "results". Hata hivyo, haifai kusifiwa bila masharti. Sarufi yenye viambishi vya hiari vilivyoandikwa ovyo huzaa tafsiri zinazojirudia. Na neno lisilokamilika hurudisha orodha tupu badala ya kosa. Mtumiaji anayesoma kipengele cha kwanza tu cha orodha huwa amerudia kasoro ileile ya Peggy kwa mkono wake mwenyewe.

Kuhusu usakinishaji, amri "npm install nearley" huhitaji intaneti mara moja. Baadaye folda ya mradi yaweza kunakiliwa na kutumika bila mtandao. Faili la "package-lock.json" halina budi kuhifadhiwa pamoja na tasnifu, kwani ndilo linalomwezesha mtahini kusakinisha matoleo yaleyale na kuyarudia matokeo.

Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika mfumo wake wa SALAMA, alitenganisha hatua mbili: neno hupewa kwanza tafsiri zake zote, kisha muktadha huondoa zisizofaa. Nearley, ingawa haina hatua ya pili, haiizuii. Peggy, ikitumiwa kwa mazoea, huifunga njia kabla haijafikiwa. Kwa hiyo, uhakiki huu unapendekeza Nearley kwa data za usaili, kwa sharti kwamba kila neno lenye tafsiri zaidi ya moja lirudishwe kwenye muktadha wake, na pale muktadha usipotosha, kwa msailiwa mwenyewe.