Nani Asemaye Nyuma ya Pazia? Kuhusu filamu ya Hacivat na Karagöz

Twatumia neno kikaragosi kila siku bila kuuliza limetoka wapi. Laelekea kubeba jina la Karagöz, mcheshi mkuu wa michezo ya vivuli ya Waturuki, jina lililopitia kwa Waarabu kabla ya kutufikia sisi. Kwa hiyo filamu ya Ezel Akay, Hacivat Karagöz Neden Öldürüldü? (2006), ambayo kichwa chake chauliza kwa nini Hacivat na Karagöz waliuawa, haiko mbali mno na mwanafunzi wa Kiswahili.

Ngano yenyewe ni fupi. Katika mji wa Bursa, uliotekwa na Orhan mwaka 1326, mafundi wawili waliokuwa wakijenga msikiti walichekesha wenzao hata kazi ikasimama. Sultani akaamuru wauawe, kisha akajuta, na Sheikh Küşteri akawarudisha kwa vivuli juu ya pazia. Abunuwasi wetu huponyoka kila mara; hawa hawakuponyoka.

Pazia la kale lilijaa watu wa kila namna: Mwarabu, Myahudi, Mwarmeni, Mwajemi, Mwalbania, Mkurdi, Mlazi wa pwani ya Bahari Nyeusi. Wingi huo husifiwa sana, pengine kupita kiasi. Vikaragosi hivyo vya ngozi viliendeshwa na mtu mmoja, naye ndiye aliyeigiza matamshi ya wote. Mgeni alitambulikana kwa jinsi alivyokiharibu Kituruki, na kicheko kilitoka hapo. Hata wanawake wa mchezo, waitwao zenne, walisemewa na mwanamume. Walionekana wote, lakini hakuna aliyesema kwa kinywa chake.

Akay amelivunja pazia hilo. Bursa yake ni mji wa mpakani ambamo Wakristo, Waislamu na Waturukimani wahamaji wanakutana huku dola ingali changa. Karagöz, anayeigizwa na Haluk Bilginer, ni mhamaji anayeingia mjini. Hacivat, yaani Beyazıt Öztürk aliyejulikana kwa vipindi vyake vya televisheni, ni tarishi mwenye ulimi mwepesi. Hapa tofauti kati ya watu si mzaha wa lafudhi tena, bali ni swali la utawala: nani atapewa nafasi, na kwa masharti gani? Naye Ayşe Hatun (Şebnem Dönmez) ni kiongozi wa Bacıyan-ı Rum, kundi la wanawake alilolitaja mwandishi wa tarehe Âşıkpaşazade katika karne ya 15. Kwa maoni yangu hapo ndipo filamu ina nguvu zaidi, kwani zenne amepata mwili na sauti.

Hata hivyo, chanzo cha sanaa yenyewe kimebaki Bursa. Metin And, mtafiti maarufu wa tamthilia ya Kituruki, alishikilia kwamba michezo ya vivuli iliingia kutoka Misri, baada ya Selim wa Kwanza kuiteka nchi hiyo mwaka 1517. Filamu si kitabu cha historia, na ngano ina haki zake. Lakini kazi inayotetea wingi wa watu ingeweza kumpa Mwarabu nafasi kubwa zaidi: yule aliyechekwa kwa matamshi yake huenda ndiye aliyekuwa mwalimu. Mwaka 2009 UNESCO iliandikisha Karagöz kwa jina la Uturuki peke yake. Michezo ya vivuli ya Syria, ambayo nayo ina Karakoz wake, iliandikishwa mwaka 2018, katika orodha ya sanaa zinazohitaji kuokolewa haraka.