Ibo Ilingojeshwa Mbingu, Bahari Ipo Mlangoni

Mliofuatilia kimbunga Kenneth mnazikumbuka zile siku za mwisho wa Aprili 2019. Shehena ya msaada iko Pemba, kisiwani Ibo nyumba tisa katika kila kumi zimeharibika, na helikopta imeegeshwa inanyeshewa. Kila jioni habari ni ile ile: hali ya hewa hairuhusu. Mimi hali ya hewa siilaumu. Namlaumu aliyeipanga Ibo kuwa safari ya anga. (Nasema Pemba ya Msumbiji, msije mkanipeleka Wete.)

Kimbunga kiliingia bara jioni ya Alhamisi, tarehe 25, upepo ukikadiriwa kilomita 220 kwa saa. Wiki sita nyuma kimbunga Idai kilikuwa kimeivunja Beira, kwa hiyo vifaa na watu wa misaada walikuwa kusini. Hilo nalikubali. Watu 30,000 hivi walihamishwa kabla ya dhoruba, na hiyo ilikuwa kazi safi. Chanjo ya kipindupindu ya Mei nayo haina doa.

Sasa turudi kwenye helikopta. Mi-8 hubeba tani nne hivi hewa ikiwa nzuri, na hewa haikuwa nzuri. Jumapili ya tarehe 28 mvua iliizamisha mitaa ya Pemba yenyewe. Rubani akikosa kuona mbele haruki, wala hapaswi kulazimishwa. Lakini mtu anayepanga msaada wa kisiwa huku akijua kwamba mvua ya kimbunga hukaa siku kadhaa baada ya upepo kupita, kisha akategemea chombo ambacho mvua inakifunga, amepanga kungoja.

Nitaambiwa bahari nayo ilikuwa imechafuka. Kweli. Ijumaa na Jumamosi hakuna nahodha mwenye akili ambaye angetweka tanga, na vyombo vingi vilikuwa vimevunjika. Barabara ya Quissanga nayo ilikatwa na maji, kwa hiyo Tandanhangue, bandari ya asili ya kuvukia Ibo, haikufikika kwa lori. Lakini hiyo ni sababu ya kumwita nahodha mezani mapema. Yeye ndiye anayejua kwamba ukishaufikia mlango wa Quissanga uko ndani ya miamba, mikoko huku na huku, na wimbi la nje hukufikia likiwa limechoka. Angewaambia pia jambo ambalo halikuwa kwenye ramani za ofisini: mwezi ulikuwa mpevu tarehe 19, hivyo wiki ya mwisho ya Aprili ilikuwa ya maji mafu, na mkondo wa Tandanhangue wakati wa maji mafu haupitishi chombo chenye mzigo mzito. Pakieni nusu, pitisheni vyombo vingi, msubiri maji yajae kabisa. Bamvua inarudi mwezi ukiandama, tarehe 5 au 6 Mei, ndipo Ramadhani inapoingia. Ratiba nzima ya msaada ilikuwa imeandikwa mwezini.

Na mchele, wakasema, utalowa. Hapa ndipo hasira zangu za zamani zinapoamka, maana nimeshasema mara ngapi kwamba wakubwa wa misaada wanaiona mashua kama picha ya kadi ya posta. Mchele umesafiri kwa tanga pwani hii karne na karne. Magunia hayatupwi juu ya ngama. Hutandikwa fito kwanza, juu yake majamvi, ndipo mchele, na turubai juu hufungwa ubavuni kwa kamba ya kumbi. Baharia mmoja huachwa na upo mkononi kufua maji usiku kucha. Gunia la chini kabisa huwa la mwenye chombo, ili awe na uchungu. Hayo hujifunzi kwenye semina ya siku mbili yenye fulana na kofia.

Mnataka ushahidi? Nungwi, Unguja, tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama usiku, wavuvi walitoka na vyombo vyao bila kungoja barua ya mtu, na mamia wakaokolewa. Au tazameni mtaa wa Paquitequete, Pemba hapo hapo, mwaka mmoja na nusu baada ya Kenneth. Vita vya kaskazini mwa Msumbiji viliposhuka pwani, Oktoba na Novemba 2020, watu zaidi ya 10,000 walifika ufukweni kwa vyombo vidogo vidogo. Wenyeji wakawapokea, wakapika, wakagawana vyumba. Sisemi bahari ni mchezo: chombo kimoja kilizama kati ya Ibo na Matemo tarehe 29 Oktoba, na watu wasiopungua 40 wakafa. Kilichojazwa kwa hofu huzama. Ndiyo maana nasema vipangwe, vilipwe, vipewe majaketi ya kuokolea, na anayeamua kutoka au kutotoka awe nahodha.

Kimbunga Chido kilipoingia Mecúfi tarehe 15 Desemba 2024, mwezi ulikuwa mpevu siku hiyo hiyo. Maji ya bamvua, yanajaa hadi miguuni mwa minazi. Mecúfi ni bara, na lawama zake ni nyingine. Ila nilipouona mwezi ule niliwaza kwamba lau kimbunga kingepinda kaskazini kidogo, kikaipiga Ibo tena, mlango wa Tandanhangue wiki ile ungepitisha mashua imejaa hadi ukingoni.