Majani yanayoning'inia: kazi isiyosifiwa katika shada la Diana

Shada alilobeba Diana Spencer tarehe 29 Julai 1981, alipofunga ndoa katika kanisa kuu la St Paul's jijini London, husifiwa kwa maua yake: gardenia, okidi, stefanotisi, na waridi la njano lenye jina la Mountbatten. Mpambaji akiitazama picha ya shada hilo kwa jicho la kazi, macho yake yatatua kwanza kwenye majani. Maua meupe mbele ya gauni la hariri lenye rangi ya pembe ya ndovu yangemezwa na kitambaa. Kilichoyaokoa ni kijani chembamba kilichochungulia pembeni na kushuka hadi chini: aivi, tradeskantia, na mhadasi ambao mabibi harusi wa familia ya kifalme ya Uingereza huubeba tangu karne ya 19.

Uzito wa kazi uko kwenye aivi. Majani yake huwa makubwa shinani na hupungua kadiri utambazi unavyoelekea nchani, kama mkia wa mjusi, kwa hiyo shada la zaidi ya mita 1 lilipata ncha nyembamba bila kulazimishwa. Shina lake hupinda lisikatike. Jani lake ni gumu, lina nta juu, na halipotezi maji haraka. Hilo ndilo la kuangalia zaidi, maana katika shada la namna ile kila ua hufungwa kwa waya na halina maji ya kunywa. Jani huishi kwa kile lilichokunywa kabla. Ndiyo sababu aivi huzamishwa yote kwenye beseni la maji kwa saa kadhaa, kisha hukung'utwa. Kile kichipukizi laini cha mwisho, cha kijani mpauko, hukatwa bila huruma kwa kuwa ndicho hunyauka kwanza na kuiumbua kazi nzima.

Kwa tradeskantia nina shaka. Ni ndugu wa kongwe, gugu linalosumbua mashambani: shina limejaa maji, halifi upesi, lakini hukatika kwenye vifundo likiguswa vibaya. Kwenye chombo kilichotulia mezani sina neno. Mkononi mwa bibi harusi anayekumbatiwa na kila shangazi, ningeiacha.

Sasa ipeleke hesabu hiyo kwenye meza kuu ya ukumbi wa Dar es Salaam. Aivi hupenda ubaridi, na kuifuata milimani ni gharama wakati mbadala uko sebuleni: ule mtambazi wa majani yenye umbo la moyo ambao wengi wameutia kwenye chupa ya maji juu ya kabati. Una jani nene lenye nta na shina linalopindika. Kasoro yake ni uzito. Ukiufunga mahali pamoja tu kwenye tao, utateleza kabla ya keki kukatwa, basi ufunge kwa waya mahali pawili na ulitie shina kwenye kijichupa cha maji kilichofichwa nyuma. Utomvu wake huwasha, kwa hiyo nawa kabla hujagusa uso.

Asparagasi, ile yenye vijani kama sindano, hupendwa kwa wepesi na bei yake. Ikikauka hupukutika, na chini ya feni hupukutika juu ya kitambaa na ndani ya sahani za wageni. Isikae karibu na keki. Raskasi nayo hudumu sana, ila hujikunja kidogo tu na kukataa kuning'inia. Ilaze mezani, usiitundike.

Kuna jambo ambalo kanisa la mchana halikulazimika kulifikiria, nalo ni taa za zambarau za ukumbini. Jani huonekana kijani kwa sababu hunyonya mwanga mwekundu na wa bluu, na kuurudisha ule wa kijani. Taa ya zambarau ni nyekundu na bluu tu, kwa hiyo jani halina cha kurudisha, na mapambo ya kijani kilichoiva huonekana meusi kwenye picha. Hapo chagua majani yenye mabaka meupe au ya krimu, maana sehemu nyeupe hupokea rangi yoyote ya taa. Kabla ya kununua furushi zima, chukua utambazi mmoja jioni ya kuamkia sherehe, uushike mbele ya jukwaa, umwambie fundi wa taa aziwashe zote.