Padri Dehon, Mwalimu wa Haki, na Kosa Lake

Wakristu wengi wa Kisangani wanajua jina la Mgr Grison, aliyefika Stanley Falls mwaka 1897 na kuanzisha misioni ya Saint-Gabriel. Lakini Padri Léon Dehon, aliyemtuma, tunamjua zaidi kwa picha ukutani. Vitabu vyake hatuvisomi. Hata hapa Barumbu inafaa tuvipime, maana mtu wa elimu haheshimiwi kwa sifa tupu.

Alizaliwa La Capelle, Ufaransa, mwaka 1843. Baba yake hakupenda awe padri. Kwa hiyo alisoma kwanza sheria, akawa daktari wa sheria huko Paris mwaka 1864. Kisha akaenda Roma. Alipewa upadri mwaka 1868, akaandika maneno ya maaskofu katika Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, akarudi kwao na udaktari wa filosofia, wa teolojia na wa sheria ya Ekleziya.

Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa na vitabu vyake tu. Lakini mwaka 1871 askofu alimtuma Saint-Quentin, mji wa viwanda vya nguo, kuwa padri msaidizi wa parokia. Matajiri wengi wa siku zile walisema mfanyakazi ni maskini sababu ya uvivu na ulevi. Dehon hakuamini bure. Aliingia katika nyumba zao, akauliza habari za mshahara, za saa za kazi, za Dominika.

Kwa hiyo *Manuel social chrétien* ya mwaka 1894, aliyoitunga pamoja na kamati ya jimbo la Soissons, ina nguvu hata leo. Inafwata *Rerum novarum* ya Papa Leo XIII, nayo yafundisha kwamba mshahara wa kutosha ni haki ya mfanyakazi, wala si sadaka ya bwana wake.

Lakini tusifiche kosa. Katika *Catéchisme social* ya mwaka 1898 na katika maandiko mengine, aliwashitaki Wayuda kama taifa zima kuwa adui wa Ekleziya. Alikuwa karibu kutangazwa mwenye heri tarehe 24 Aprili 2005. Roma ikasimamisha shauri hilo kwa sababu ya maneno hayo.

Wengine wanamtetea: watu wengi wa wakati ule walisema hivyo. Ni kweli, lakini haitoshi. Juu ya wafanyakazi hakukubali masemi ya wakati wake, alikwenda kutazama. Juu ya Wayuda aliyapokea masemi na kuyaandika, naye alikuwa amesoma Waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Waroma. Kanuni yake mwenyewe inamhukumu.

Ndugu, jambo hili si la Ufaransa tu. Tangu mwaka 2023 tumeona damu ikimwagika Lubunga kati ya Wambole na Walengola kwa ajili ya udongo. Katekista anayesema mbele ya watu «kabila lile lote ni waovu» anaandika upya ukurasa mbaya wa Dehon.

Basi tumsome kwa shukrani, tena kwa macho wazi. Tufwate njia yake ya Saint-Quentin: kwanza kuingia nyumbani mwa mtu, kumsikiliza, ndipo kusema juu yake. Moyo Mtakatifu wa Yezu utusaidie.