Utaridi Iko Wapi? Uhakiki wa Majina ya Sayari katika Mafunzo ya Watoto

Makala haya yanahusu orodha fupi ya maneno, yasiyozidi tisa, ambayo watoto wetu huikariri katika shule za msingi: majina ya sayari. Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la lugha lijishughulishe na mambo ya elimu ya falaki. Jibu ni kwamba kosa ninalokusudia kulijadili si la wanafalaki. Ni letu sisi wa lugha. Wao walikwisha kupima umbali wa kila sayari na jua, na katika hilo hawagombani. Sisi ndio tuliopewa kazi iliyoonekana nyepesi, ya kuwapa watoto majina. Tumeifanya kazi hiyo kwa namna ambayo mtoto asomaye vitabu viwili vya Kiswahili aweza kuambiwa na kimoja kuwa Utaridi ndiyo sayari iliyo karibu mno na jua, na na kingine kuwa Utaridi ndiyo iliyo mbali kupita zote.

Mfano nilio nao ni wa Ziwa la Ng'ombe, huko Kisauni, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, si mbali na Bombolulu. Katika nyumba moja ya mtaa huo nilionyeshwa daftari la mtoto wa darasa la sita. Katika zoezi la Kiswahili alikuwa ameulizwa ataje sayari iliyo karibu zaidi na jua. Aliandika "Utaridi". Mwalimu alilikata jibu hilo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni "Zebaki". Babu yake, ambaye kwa miaka mingi amesomesha chuoni (yaani chuo cha Kurani, si vyuo hivi vyetu), ndiye aliyemfunza jina lile, na alikuwa na hamaki.

"Mwalimu," aliniambia, "zebaki ni kitu cha sonara. Imepanda mbinguni lini?"

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni akingoja hukumu. Nilimwambia kuwa babu yake amesema kweli. Kisha nikaomba kitabu chake cha Kiswahili, nikaona kuwa mwalimu hakujitungia: alifuata kitabu. Hapo nikawa sina la kumwambia yule mtoto, kwani kesho yake angerudi darasani, na atakayempa alama ni mwenye kitabu, si babu wala mimi.

Tuanze na yaliyo wazi. Sayari tano huonekana kwa macho matupu, na watu wa pwani walikuwa na majina yake kabla ya shule za serikali kujengwa: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina haya yaliingia katika lugha yetu kutoka Kiarabu pamoja na elimu ya nyota iliyotumiwa na manahodha, na pia (tusifiche) pamoja na unajimu wa kutazamia bahati. Katika elimu hiyo ya kale jua na mwezi pia vilihesabiwa pamoja nazo, jumla ikawa saba. Neno sayari lenyewe asili yake ni "chenye kwenda", nalo lasema jambo lile lile lisemwalo na neno la Kiyunani ambalo Wazungu walilichukua, yaani "mtangaji". Leo Waarabu huliita gari kwa neno hilo hilo. Mtoto wa Kisauni mwenye mjomba aliyefanya kazi Ghuba huenda akalijua kwa maana ya gari kabla ya kulijua kwa maana ya sayari, na mwalimu mwerevu angefurahi kuanzia hapo: kile kinachokwenda, kati ya nyota zisizobadili nafasi zake.

Sasa tuje kwenye Zebaki. Katika Kiswahili zebaki ni ile madini ya majimaji, ing'aayo kama fedha, iliyotumiwa na masonara na watengenezaji wa vioo. Sababu ya kupelekwa kwake angani haihitaji utafiti mrefu. Neno la Kiingereza "Mercury" ni jina la sayari na pia ni jina la madini hiyo. Mfasiri alilikuta neno, akafungua kamusi, akachukua maana ya pili badala ya ya kwanza. Waingereza wanalo neno moja kwa vitu viwili kwa sababu wataalamu wao wa kale wa madini waliihusisha zebaki na sayari ile. Sisi tunayo maneno mawili kwa vitu viwili, hali iliyo bora, na tumeiacha ili tufanane nao katika jambo ambalo hata kwao ni utata. Lau kosa hili lingekuwa peke yake, ningelivumilia, kwani lugha humeza makosa mengi na kuyafanya kuwa usemi.

Lakini halikubaki peke yake. Utaridi lilipoachwa bila kazi, likawa tupu, na kulikuwa na sayari zilizohitaji majina. Uranusi iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781, Neptuni ikaonekana Berlin mwaka 1846 kwa kufuata hesabu za Le Verrier, na Pluto ikapatikana mwaka 1930. Hakuna nahodha wa Mvita wala mnajimu wa Bagdadi wa zama za kale aliyezipa majina, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa hizo ni sayari. Waarabu wenyewe walipozihitaji waliyachukua majina ya Kizungu wakayatamka kwa ulimi wao. Watunzi wetu hawakuridhika na njia hiyo. Katika orodha iliyoenea katika mafunzo ya Jiografia Tanzania, na ambayo imevuka mpaka ikaingia katika vitabu vya mazoezi vya Kenya, twaona kuwa Zohali imehamishwa ikawa Uranusi. Sayari yenye pete, iliyokuwa Zohali, ikaitwa Sarateni. Neptuni ikaitwa Kausi. Na Utaridi, jirani wa jua, ikatupwa mwisho kabisa ikawa Pluto.

Sarateni na Kausi si majina ya sayari hata kidogo. Ni majina ya buruji, yaani yale makundi kumi na mawili ya nyota ambayo sayari hupita mbele yake. Sarateni ni kaa, na neno hilo hilo la Kiarabu ndilo lililotupa saratani, jina la maradhi. Kausi ni upinde. Nadhani Sarateni ilichaguliwa kwa kuwa yafanana kidogo na "Saturn" masikioni; sababu nyingine siioni. Hapa kosa si la jina tu, ni la aina ya kitu. Buruji ni kama vituo, na sayari ni kama msafiri. Aliyekiita kituo kwa jina la msafiri amemnyima mwanafunzi uwezo wa kueleza safari. Chukua sentensi ya kawaida ya mtu ajuaye falaki ya pwani: "Zohali imeingia Sarateni." Maana yake ni kwamba sayari yenye pete sasa yaonekana katika kundi la nyota liitwalo Kaa, jambo ambalo hutokea kwa kuwa sayari hiyo huzunguka jua kwa muda wa miaka ipatayo 29 na nusu na hupita kila buruji kwa zamu. Mtoto aliyefuzu kwa orodha ya shule ataelewa kuwa Uranusi imeingia ndani ya Saturn. Wala hataweza kulaumiwa, maana ametumia kila neno kama alivyofundishwa.

Na kuna lililozidi. Tarehe 24 Agosti 2006, Muungano wa Kimataifa wa Wanafalaki uliokutana Prague uliamua kuwa Pluto isihesabiwe tena katika sayari kubwa. Zikabaki 8. Kwa Mwingereza uamuzi huo ulifuta Pluto. Kwa mtoto wa orodha yetu ulifuta Utaridi. Hivyo jina ambalo babu wa Ziwa la Ng'ombe alilipokea kwa walimu wake kama sayari ya kwanza, mjukuu wake aweza kuambiwa kuwa si sayari tena, kwa amri iliyotoka Ulaya, ilhali sayari yenyewe ingali inazunguka jua kwa siku 88 kama ilivyozoea. Sijapata kuona mfano mwingine ambapo kosa la istilahi limeweza kukiondoa kitu angani.

Zipo hoja za kutetea orodha hiyo, na yafaa zisikilizwe. Ya kwanza ni kuwa imekwisha kuenea. Tanzania imefundisha shule za msingi kwa Kiswahili tangu 1967, na vizazi vizima vimeikariri. Istilahi, wasema, ni makubaliano, na yakishakubaliwa asili haina neno. Hoja hii ina nguvu pale ambapo neno jipya halina mwenyewe. Hapa Zohali na Utaridi yanao wenyewe, nao wangali hai, wakiyatumia kwa maana ya awali, Mvita, Lamu, Unguja na kila penye chuo. Makubaliano yasiyowahusisha wenye lugha ni agizo. Hoja ya pili niliipata kwa mwenzangu mmoja, naye ni mtu makini: kwamba majina ya kale yananuka uaguzi, na kuyafundisha ni kuwarudisha watoto kwa wapiga falaki. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Majina ya Kizungu ni ya miungu ya Warumi, na hakuna mtoto wa Nairobi aliyeanza kuwaabudu kwa kuyasoma. Isitoshe, orodha anayoitetea imejaa majina ya buruji, na buruji ndiyo mali halisi ya wapiga ramli.

Hata hivyo, lau majina yote yangesahihishwa kesho, nusu ya tatizo ingebaki. Katika shule za Kenya sayari zimekuwa na nyumba mbili zisizojuana. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilishauri lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, na Kiingereza baada ya hapo. Basi sayari kama vitu hufundishwa kwa Kiingereza katika masomo mengine, na katika Kiswahili huja kama msamiati mtupu, kati ya majina ya vikembe na majina ya rangi. Miaka ya mtihani wa KCPE, kuanzia 1985 hata 2023, iliitia nguvu desturi hii: neno lilijifunzwa ili lichaguliwe kati ya herufi nne. Mwalimu wa Kiswahili hakuwa na haja ya kujua sayari gani ina pete. Ndipo kosa likaweza kudumu miaka yote hiyo bila kugunduliwa, kwa maana hapakuwa na wakati ambapo neno na kitu viliwekwa pamoja mbele ya mtoto.

Jambo hili ni la ajabu zaidi katika mahali kama Kisauni. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, ambapo njia ya sayari hukaa karibu na wima upeoni, na kwa hiyo Utaridi, inayowasumbua sana watu wa Ulaya kuiona, huonekana hapa kwa urahisi zaidi inapojitenga na jua, upande wa bara baada ya magharibi au upande wa bahari kabla ya kucha. Zuhura kila mtoto aendaye swala ya alfajiri amekwisha kuiona, ajapokuwa hajui kuwa ndilo jina la shangazi yake. Mshtarii hukaa takribani mwaka mmoja katika kila buruji. Mtoto akionyeshwa mahali ilipo akiwa darasa la kwanza, atakapofika la saba ataikuta ng'ambo ya pili ya anga. Watoto hawa wanajua bamvua na maji mafu, na wanajua kuwa mambo hayo ni ya mwezi. Wanaungojea mwezi mwandamo wa Ramadhani. Na katika pwani hii hii, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa chombo cha kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani, kikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Wataalamu wa Marekani hawakuona taabu kutumia neno letu kwa maana yake.

Kwa hiyo napendekeza kuwa vitabu virudishe Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali mahali pake. Uranusi, Neptuni na Pluto ziandikwe hivyo, bila kutafutiwa majina ya kuazima. Zebaki irudi kwa sonara, na Sarateni na Kausi zirudi katika buruji, ambako pia zafaa kufundishwa. Tahajia nazo zahitaji kuamuliwa, kwani nimekuta Mshtarii, Mushtarii na Mshtara katika vitabu vya watoto wa umri mmoja. Limebaki suala la ngeli, ambalo sina uhakika nalo. Nimetumia hapa "Utaridi iko", kwa kuifuata sayari. Yule babu alisema "Utaridi yuko", kama asemavyo mtu juu ya msafiri, na mjukuu akamfuata. Ningependa kusikia maoni ya wenzangu wa Lamu na Unguja kabla ya mtu yeyote kulikata hilo kwa wino mwekundu.